Ufa Uliopakwa Pemba

Jumamosi asubuhi wanafunzi wa shule yetu ya msingi, hapa Kasongo, huja na ndoo na mifagio badala ya madaftari. Ni siku ya salongo, kazi ya pamoja. Watoto wa mwaka wa kwanza huokota karatasi, kisha hurushiana nusu ya walizookota. Wavulana wakubwa hufyeka majani. Wasichana wa mwaka wa sita hupaka kuta pemba, ule udongo mweupe unaokorogwa na maji mpaka uwe kama uji.

Faridah alikuwa hodari wa kupaka kuliko wenzake wote, na hakuhitaji kuambiwa. Tena alikuwa na sababu ya kuupenda ukuta ule. Shule ilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, na mvua ilikuwa ikiyala kidogo kidogo mpaka baba yake, fundi Yakubu, alipoyafunika kwa simenti miaka miwili iliyopita. Wapita njia walikuwa wakisema, "Angalia kazi ya Yakubu!" Faridah akisikia hivyo alitembea shingo juu siku nzima.

Jumamosi hiyo kila mtu alikuwa mbioni kwa sababu inspekta angefika Jumatatu. Faridah alianza na ukuta wa darasa la mwaka wa kwanza. Juu ya dirisha aliona ufa mrefu kama mkono wake, na kidole kiliingia ndani. Akagonga kwa vifundo vya vidole, kama alivyozoea kumwona baba yake akifanya. Sauti ikatoka tupu, kama ya debe. Akasogea akigonga, mpaka juu ya mlango. Sauti ilikuwa ile ile. Simenti ilikuwa imeachana na matofali.

Laura, rafiki yake aliyemshikia ndoo, akainua kichwa. "Ile nini?"

"Hakuna kitu."

"Mimi naona tundu. Twende tumwambie Madame Direkta."

"Ukimwambia, watu wote watasema baba yangu hajue kazi. Njo unataka vile?"

Laura akarudi kushika ndoo. Faridah akakoroga pemba nzito, akaisukuma ndani ya ufa, akalainisha kwa kiganja, akapaka mara mbili. Ukuta ukang'aa. Hata Laura hakuweza tena kuonyesha ufa ulikuwa wapi.

Jumatatu inspekta alikuja, akausifu ukuta, akaenda zake. Madame Anastasie, mkuu wa shule, alicheka kwa furaha. Faridah hakucheka. Aliona watoto wa mwaka wa kwanza wakiketi chini ya ukuta ule ule saa ya mapumziko, kivulini, wakila mihogo ya kuchemsha. Katikati yao alikuwa Pitchou, mdogo wake Laura, mtoto wa miaka sita asiyejua kufunga mdomo.

"Tokeni hapo," Faridah akawaambia.

"Juu ya nini? Kivuli iko yako?" Pitchou akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Faridah hakueleza kwa nini. Alirudi darasani na hofu yake. Nyumbani chakula kilimshinda, na mama yake alipomuuliza, alisema kichwa kinamuuma.

Jumatano mvua ilinyesha tangu asubuhi hadi jioni. Alhamisi jua likatoka, watoto wakarudi kivulini. Kengele ya kuingia ilipokuwa ikilia, kipande cha simenti kikubwa kama sinia kikabanduka juu ya dirisha. Wengine walikuwa wameshasimama. Pitchou alikuwa akimalizia muhogo wake. Simenti ikampiga mkono.

Kilio chake kilisikika mpaka barabarani. Alichukuliwa kwa pikipiki hadi hospitali, wakamkuta amevunjika mfupa. Laura alilia sana. Alimtazama Faridah mara moja tu, akageuza uso, na Faridah alitamani afadhali angetukanwa.

Mchana wazazi walikusanyika uwanjani. Fundi Yakubu aliitwa.

"Ni mvua tu," mzee mmoja alisema. "Fundi azibe pale pameanguka, basi."

"Nitaziba kesho," Yakubu alijibu.

Faridah alikuwa amesimama nyuma pamoja na wanafunzi. Alijua kwamba simenti iliyobaki ilining'inia juu ya mlango ambao watoto arobaini hupita kila siku. Akapenya katikati ya watu wazima.

"Baba, usizibe!"

"Faridah, hapa wakubwa wanasema."

"Baba, mimi niliona ufa siku ya salongo. Nikaufunika na pemba. Nilipiga ukuta, iko tupu mpaka juu ya mulango. Niliogopa watu watasema wewe haujue kazi." Machozi yakamtoka.

Yakubu alikwenda ukutani, akagonga mwanzo hadi mwisho. Aliporudi hakumtazama mtu.

"Mutoto anasema kweli," alisema. "Na mimi niko na kosa yangu. Simenti haishike tofali ya udongo hivi hivi tu. Unapaswa kuparuza tofali, unapigilia wavu ya waya, njo unapaka. Mulitaka shule ikuwe nyeupe haraka, mbele sikukuu ifike. Niliacha wavu. Na nilijua."

Mama Mathilde, mama yake Laura na Pitchou, akauliza polepole, "Fundi, mwana wangu amevunjika mukono juu ya haraka?"

"Ndiyo, mama. Munisamehe."

Mama Mathilde akageuka, akaenda hospitali kwa mwanawe.

Kesho yake kazi ilianza. Yakubu na wazazi wengine walibandua simenti yote ya nje, wakayaacha matofali yakauke wiki mbili. Watoto wa mwaka wa kwanza walisomea kwenye kibanda cha turubai. Kisha Yakubu aliyaparuza matofali, akapigilia wavu, akaongeza mabati ili maji ya paa yaanguke mbali, ndipo akapaka simenti upya. Kila baada ya masomo Faridah alibeba mchanga na maji. Wapita njia hawakusema tena, "Angalia kazi ya Yakubu." Mtu mmoja hata alimpa fundi mwingine kazi ya nyumba yake.

Siku ya mwisho Laura alikuja na Pitchou, mkono wa mtoto ukiwa bado umefungwa. Hakuwa amezungumza na Faridah tangu siku ile.

"Sasa iko nguvu?" aliuliza.

"Bado. Simenti inataka siku saba ya kukomaa. Usimwache akae hapo."

Laura akamvuta Pitchou, wakaketi juani karibu na Faridah. Mtoto alilalamika kwamba jua ni kali, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Yakubu alikuwa akiosha mwiko. "Binti yangu," alisema, "najua ulitaka kulinda jina yangu. Lakini mutu mwenye angeona ule ufa, angefukuza watoto pale. Wewe ulificha ufa, hatari ikabaki, na mutoto wa watu akaumia. Mimi nilikuwa wa kwanza kuficha, kosa inaanzia kwangu. Ukiona kitu ya hatari, sema siku ile ile, hata kama ni kazi ya baba yako. Zaidi sana kama ni kazi ya baba yako."