Maji ya Nguzo ya Tatu

Asubuhi ya Jumatatu, vyombo vya kupimia kwenye nguzo nyingine zote za daraja vilionyesha maji ya nyuzijoto ishirini na nane. Nguzo ya tatu ilisema thelathini na saba.

"Chombo kina homa," Fundi alisema, akichungulia kompyuta. "Tukipe kidonge."

Mama Chupa alicheka. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa vile kila siku alionekana amebeba chupa za maji machafu kama muuza maziwa. Kazi yake ilikuwa kupima maji pale mto unapoingia baharini katikati ya jiji: joto, chumvi, vijidudu vya majitaka. Fundi ndiye aliyefunga vyombo chini ya daraja na kuvitunza. Miaka mitatu walikuwa pamoja, na hakuna siku ambayo mzee huyo alikosa mzaha.

Walibadilisha chombo. Kipya nacho kikasema thelathini na saba.

Mchana, maji yalipokupwa, walishuka kwa ngazi ya chuma. Mama Chupa akazamisha chupa. Maji yalikuwa vuguvugu kama shingo ya mtoto mgonjwa. Fundi akaingiza mkono kukaza skrubu, mara akaacha kukaza.

"Nini?"

"Kitu kimenishika." Akautoa mkono, akacheka cheko la kujitia moyo. "Majani tu."

Lakini kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama tano nyekundu.

Walirudi maabara, wakaiweka chupa kwenye friji pamoja na nyingine. Baada ya saa moja Mama Chupa alifungua. Nyingine zilikuwa baridi. Ile ya nguzo ya tatu ilikuwa na joto lile lile, na kizibo chake kilikuwa kikipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Harufu ya nywele mbichi ikamjaa puani. Nyuma yake bomba la sinki likavuta pumzi, likaishusha, likavuta tena, na alipogeuka kumwita Fundi alimkuta ameketi wima mezani kwake, macho wazi, mikono juu ya magoti, huku maji yakimtoka kila kitundu cha ngozi, yakilowesha shati, yakidondoka kitini, yakitambaa sakafuni kuelekea viatu vya Mama Chupa.

Mama Chupa alifanya alichojua: alikinga matone, akayapima. Joto, chumvi, vyote vililingana na chupa.

"Fundi?" alinong'ona.

"Fundi nimemweka pembeni," kinywa cha Fundi kikajibu, kwa sauti ya mwanamke.

Mama Chupa alimpigia simu shangazi yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatibu wenye majini. Shangazi alifika viatu mkononi, akavuta kiti mbele ya Fundi.

"Nani amekuudhi?" aliuliza taratibu.

"Mnaninywesha kinyesi cha mji mzima, kisha mnanipima. Kila robo saa mnanipima. Mnajua, mnaandika, mnanyamaza."

Shangazi akageuka. "Ni kweli, mwanangu?"

Mama Chupa alitazama sakafu. Kila mwezi alipeleka ripoti, na mkuu wa maabara akaifungia drooni, akisema watu wasitiwe hofu. Chini ya daraja wanawake waliendelea kuosha mboga, watoto wakaendelea kuogelea. Mwaka jana watoto wawili walizikwa kwa kuhara. Alijua maji yalikuwaje wiki ile.

"Nitasema," alisema. "Kesho mapema nita—"

"Jini haliahidiwi kesho," shangazi akamkatiza.

Basi akachapa vipimo vyote, akavibandika kwenye ukingo wa daraja, akasimama akivisoma kwa sauti mpaka koo likamkauka. Watu walijaa. Mama mmoja mwenye beseni la mboga akasogea.

"Na mwaka jana?"

"Yalikuwa mabaya kuliko haya."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Yule mama akainua beseni lake. Alimwaga mboga zote chini, mbele ya miguu ya Mama Chupa, akaondoka na beseni tupu. Mama Chupa alitamani angepigwa.

Aliporudi, Fundi alikuwa amelala sakafuni, amepauka, lakini sauti ilikuwa yake. "Binti yangu, nimelowa kama nepi."

Alimkumbatia akilia. Shangazi hakutabasamu.

"Limetoka, shangazi?"

"Limetoka. Nimeliuliza linakwenda wapi. Limesema, kwa mwenye ufunguo wa droo."

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mke wa mkuu wa maabara, akisema kwa mnong'ono, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Mama Chupa, tafadhali njoo. Mume wangu ameketi sebuleni. Mabomba nimeyafunga yote, lakini maji yamenifika magotini. Na anaongea, lakini ile sauti si yake."

"Anasema nini?"

"Anataka asomewe vipimo. Vyote, tangu cha kwanza."