Kamba ya Kuni na Mgongo wa Murugi

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Murugi alikuwa amekwisha kukama ng'ombe. Mumewe, Wahome, alipeleka mkebe barabarani kungoja gari la maziwa. Murugi alirudi jikoni, akachochea moto, akasimama na mikono kiunoni. Hapo ndipo mgongo wake ulipomsalimia. Kila siku salamu hiyo ilizidi ukali.

Waliishi Mukurweini, kwenye mteremko wa kahawa na migomba. Tangu utotoni Murugi alibeba kuni kama mama yake alivyobeba. Mzigo ulikaa mgongoni, na kamba ya ngozi ikapita juu ya kichwa, karibu na paji la uso. Wakikuyu wanaiita mukwa. Kamba hiyo ilikuwa imemwachia alama kichwani, kijibonde kidogo ambacho kitambaa kilikificha. Mama yake alikuwa akimwambia, "Mwanamke hodari halalamiki." Basi hakulalamika. Alibeba tu, na siku zikaenda.

Mwaka huo, 1981, mwanawe Gicheru alipata mtoto wa kwanza, msichana. Kwa desturi yao, msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba. Kwa hiyo mtoto aliitwa Murugi. Mwezi wa Julai, Gicheru na mkewe, Wangechi, walitoka Nanyuki kuja kumwonyesha.

Murugi aliinama ili mtoto awekwe mgongoni. Wangechi alikuwa tayari na leso ya kumfungia. Lakini mgongo ulikatika kwa maumivu, naye akashindwa kuinuka. Jirani yao, Waithira, akamchukua mtoto haraka. Akamfunga mgongoni pake, akazunguka uani akiimba. Watu wote walicheka kwa furaha. Murugi naye alicheka, lakini moyoni alilia.

Wageni walipoondoka, alimwambia mumewe, "Baba Gicheru, huyo mtoto amebeba jina yangu. Na mimi siwezi kumbeba yeye."

"Watarudi Krismasi," Wahome alisema. "Utakuwa umepona."

"Nitapona na nini?"

Wahome alichukua kofia yake, akaenda zizini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata mwenzio akiwa mke wako.

Katika ua huo huo kulikuwa na mpangaji, Benter, aliyetoka Kisumu. Benter alikuwa mwalimu wa ngumbaru. Alifundisha watu wazima kusoma, na Murugi alikuwa mwanafunzi wake. Asubuhi moja Murugi alimpelekea maziwa. Mlango ulikuwa wazi. Benter alikuwa amelala chali sakafuni juu ya nguo nene, viganja vikitazama juu, macho yamefumbwa. Hakutikisika.

"Uui! Mwalimu amekufa!" Murugi alipiga kelele. Maziwa yakamwagika.

Benter alifungua jicho moja. "Sijakufa, Mama Gicheru. Nilikuwa napumzika."

"Mtu hupumzika chini namna hiyo, na kitanda iko hapo?"

Benter aliketi akicheka. "Hii ni yoga. Ni mazoezi ya kunyoosha mwili na kutuliza pumzi. Ilitoka Uhindi. Kule Kisumu, jirani yetu Mhindi alinifundisha, wakati mgongo yangu ilikuwa inaniuma."

Neno mgongo lilimshika Murugi. Akasahau maziwa. Akaketi mlangoni na kueleza habari zote, za kuni, za leso, na za Waithira kuimba na mtoto asiyekuwa wake.

Benter hakukimbilia kumfundisha. Aliuliza kwanza, "Umeenda hospitali?"

"Nilienda Nyeri. Daktari alipima, akasema mfupa iko sawa. Ni misuli imechoka. Alinipatia dawa."

"Miguu inakufa ganzi? Inakosa nguvu?"

"Hapana."

"Vizuri. Ukisikia ganzi, ama maumivu ikishuka mpaka mguuni, unarudi kwa daktari. Yoga si dawa ya kila kitu."

Murugi alikuwa na maswali mengi, akayamwaga yote pamoja. Je, hakuwa mzee? Mwili wake haukuinama, ungewezaje? Na ile nguo nene aliyolalia Benter iliuzwa wapi? Alikuwa ameona picha gazetini, mtu amejikunja mguu shingoni.

"Huyo wa gazeti mwache," Benter alisema. "Wewe hutaenda sarakasi. Mtu haanzi kwa sababu anainama vizuri. Anaanza ndiyo ainame. Na hakuna kitu utanunua. Leta blanketi nzee, stuli ya jikoni, na kamba laini. Na uvae nguo haikubani."

Nguo isiyobana ilikuwa taabu. Sketi yake ilimfunga magoti. Mwishowe Murugi aliingia chumbani, akatoka amevaa suruali ya kulalia ya Wahome.

Wahome alimtazama kutoka chini hadi juu. "Kwa hivyo sasa mimi ndiye mama?"

"Wewe enda kwa ng'ombe," Murugi alimjibu.

Siku hiyo ya kwanza hawakufanya makubwa. Murugi alipiga magoti juu ya blanketi na kushika chini kwa mikono. Alipovuta pumzi, mgongo ulishuka. Alipoitoa, aliukunja juu, kama ng'ombe anavyojinyoosha akiamka. Kisha alilala chali, akakumbatia magoti. Benter alimwonyesha pia jinsi ya kutia kamba kwenye unyayo na kuinua mguu mmoja polepole.

"Pumua na pua," Benter alisema. "Pumzi ikikwama, ujue umepita mpaka. Rudi nyuma kidogo."

Murugi alisikia hayo, lakini hakuyaamini. Kazi isiyouma ni kazi gani? Hakuwahi kuona kuni zinazofika nyumbani kwa kupumua na pua. Akaamua kwamba mwalimu alikuwa akimdekeza. Krismasi haikuwa mbali, na yeye alitaka mgongo mpya.

Siku chache baadaye, Benter akiwa darasani, Murugi alijitayarisha peke yake. Alikuwa ametoka kula githeri, mahindi na maharagwe, sahani nzima. Blanketi lilikuwa limefuliwa, kwa hiyo alitandika gunia la nailoni la mbolea. Kamba laini hakuiona. Akachukua mukwa wake kwenye msumari.

Akalala, akatia kamba kwenye unyayo. Na ile ncha nyingine? Maisha yake yote kamba hiyo ilikuwa na mahali pake pamoja tu. Mikono yake ilienda yenyewe, bila kumuuliza. Akaipitisha kichwani.

Kisha akavuta kwa shingo, kwa nguvu zote za mwanamke hodari. Gunia likateleza. Githeri ikapanda kooni. Shingo ikalia, nao mgongo ukaitikia.

Wahome alimkuta hapo, mguu umefungwa kichwani, kama kuku wa kupelekwa sokoni. "Mama Gicheru," alisema kwa upole, "hiyo ndiyo yoga?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka masikioni.

Benter alimpeleka kliniki siku iliyofuata. Walimwambia shingo haikuvunjika, apumzike mpaka maumivu yaishe. Njiani Murugi akasema, "Nilifikiri nikivuta sana nitapona haraka. Sasa hata kuinama siwezi. Waithira atambeba huyo mtoto tena."

"Ni makosa yangu pia," Benter alisema. "Sikukwambia kamba inashikwa na mkono. Sikujua kwenu inajua kichwa tu." Wote wawili wakacheka, Murugi akiwa ameshika shingo.

Alipopona walianza upya. Safari hii Murugi alisikiliza kweli kweli. Walifanya asubuhi, kabla ya chai, kwa maana tumbo lililojaa halitaki kukunjwa. Ukiwa umekula chakula kizito, unangoja saa kadhaa. Gunia la nailoni lilirudi kwa mbolea. Kwenye saruji ya barazani walitandika gunia zito la mkonge ambalo halitelezi, na juu yake blanketi. Walikuwa miguu mitupu, kwa kuwa soksi nazo huteleza. Alipoinama na mikono isifike chini, Benter aliisogeza stuli, naye akaishika.

"Hiyo si kushindwa?" Murugi aliuliza.

"Ni kuleta ardhi karibu," Benter alisema. "Kuna uchungu mbili. Moja ni ya kuvutika, hiyo ni tamu kidogo, unaweza kupumua nayo. Ingine inachoma kama sindano. Hiyo ya sindano, unaacha saa hiyo hiyo."

"Na nifanye mara ngapi?"

"Kidogo kila siku. Bora kidogo kila siku kuliko nyingi Jumamosi halafu ulale kitandani Jumapili."

Waithira alichungulia juu ya ua wa miiba wa kei-apple. "Mama Gicheru! Ati hiyo ni maombi ya Wahindi? Na wewe ni mtu wa kanisa!"

Murugi aligeuka kumtazama mwalimu wake. Swali hilo lilikuwa limemsumbua hata yeye.

"Sitawaficha," Benter alisema. "Kule ilitoka, kuna watu inawasaidia kuomba. Hapa sisi tunanyoosha mgongo na kupumua tu. Hakuna maneno nawafundisha kusema. Kama roho yako haitaki, usifanye. Na mgonjwa, ama mwenye mimba, aulize kliniki kwanza."

Waithira alifikiria. "Na goti je? Inasaidia goti?"

"Pita kwa geti, Mama," Benter alisema.

Kulikuwa na jambo moja tena. Benter alimwendea Wahome kwenye zizi. "Mzee, hata akinyoosha asubuhi, akibeba gogo jioni tunarudi nyuma. Mazoezi haiwezi kupigana na kuni."

Mwanamume kubeba kuni mgongoni lilikuwa jambo la kuchekwa pale kijijini. Wahome alitafakari kwa siku kadhaa. Kisha akatengeneza gurudumu la toroli lililokuwa limelala nyuma ya ghala. Toroli haikuwa na mila yoyote. Alisukuma kuni akipiga mluzi, na aliyetaka kucheka akacheka.

Sehemu aliyoipenda Murugi kuliko zote ilikuwa ya mwisho, ile ya kulala kama maiti. Mwanzoni aliona haya. Mwanamke wa Mukurweini alale chini jua likichomoza, bila ugonjwa? Lakini pumzi ilipotulia, mwili wote ulizama blanketini polepole. Alisikia matone yakidondoka kwenye majani ya migomba. Alisikia ng'ombe akicheua. Wakati mwingine alikuwa kama anaota. Alimwona mama yake akipanda mteremko na kuni, ukungu umemfika magotini. Alitamani kumwambia, mama, tua. Na siku moja, katika ndoto hiyo ya macho nusu, mama yake aligeuka, akatua, akaketi juu ya mzigo akapumzika. Murugi aliinuka akiwa amelia, wala hakujua kwa nini alijisikia vizuri hivyo.

Maumivu hayakuondoka kwa siku moja. Yalipungua kama maji ya mto baada ya mvua, leo kidogo, kesho kidogo. Kahawa ilipoiva, aliichuma akipumzika kila mara. Hakuona aibu tena kupumzika.

Krismasi ikafika. Anga ilikuwa safi, na mlima ulionekana wote, theluji yake ikimeremeta. Gicheru na Wangechi waliingia uani. Mtoto alikuwa amenenepa. Waithira alikuwepo, mikono tayari. Murugi alimtazama tu, naye Waithira akairudisha mikono nyuma.

Murugi alikunja magoti kama alivyofundishwa. Aliinama kutoka nyongani, akatoa pumzi. Wangechi alimlaza mtoto mgongoni mwake na kupitisha leso. Murugi alifunga fundo kifuani. Kisha akainuka. Wote uani walimtazama. Hata Wahome alikuwa ameshikilia toroli bila kuisukuma.

"Inauma?" Benter aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mzito," Murugi alisema, akitabasamu. "Huyu ni mzito sana."

Akatembea pole pole kuelekea kwenye migomba. Mtoto alilia kidogo, akahangaika. Murugi hakuimba. Alipumua tu na pua, taratibu, kama kila asubuhi. Akahisi kifua kidogo kikipanda na kushuka mgongoni pake, kwanza haraka, halafu polepole, mpaka pumzi zao zikawa moja. Murugi mdogo akalala.

Jikoni, mukwa ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari. Hakuna aliyekwenda kuuchukua.