Vilele Vitatu Juu ya Lusangi

Siku ya soko Kasongo, mtu akisimama bila kazi husukumwa mpaka apate kazi. Mama mmoja mwenye beseni la samaki alimpiga kikumbo Mwalimu Aristote, naye akadaka meza ya viatu vya mitumba asianguke, na jozi tatu zikamwagika vumbini.

"Okota," alisema mwenye meza. "Halafu utanunua, ju umezichafua."

Aristote aliinua macho. Msichana alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye madoa ya njano, na mtandio mweupe ulikuwa umemteleza hadi nyuma ya sikio. Hakuwa anacheka, lakini alikuwa karibu.

"Niko natafuta ya kupanda mulima," Aristote alisema.

"Mulima? Na hii shati ya pasi? Wewe si muchimbaji."

"Niko prof wa géographie. Wakati wa vacances ya masomo napenda kutembea milima ya juu ya Lusangi."

"Kutafuta nini?"

"Kuangalia tu."

"Mutu anapanda mulima kuangalia tu," alisema msichana, kana kwamba anamweleza mgonjwa ugonjwa wake. Lakini alipompimia viatu mikono yake ilikuwa imepunguza haraka, na alimuuliza mara mbili kama kweli milima ya Lusangi anaijua.

Jina lake lilikuwa Mwanvua. Aristote alirudi siku tatu za soko zilizofuata, akanunua jozi mbili asizokuwa na haja nazo, na siku ya nne Mwanvua alimhurumia akamwambia habari yake. Baba yake, Djamali, alikufa machimboni miaka tisa iliyopita. Wenzake, watu wa Kasongo, walimwosha, wakamswalia na kumzika huko huko. Habari iliyofika nyumbani ilikuwa fupi: yuko mlimani, juu ya Lusangi. Kwanza njia zilikuwa na bunduki, baadaye miguu ya mama yake, Mama Hawa, ikavimba, na hakuna aliyekwenda kumsalimia marehemu.

Mapenzi yao yaliota kwenye jambo hilo, na sioni cha kuwalaumu. Wengine hupendana kwa muziki. Hawa walipendana wakipanga safari ya mguu, vichwa vimegusana juu ya karatasi ya daftari ambayo Aristote alichora vilele vitatu: Kalonda, Kihuba na Mukoli. Kwa sababu hawakujua kaburi liko kilele gani, ilibidi wavipite vyote, watoke Lusangi alfajiri, wazunguke, na warudi Lusangi kabla ya magharibi. Huko Lusangi wangefikia kwa Mama Régina, muuza muhogo aliyezoea kulala kwa Mama Hawa siku za soko. Naye alisema wazi kwamba binti wa mwenzake hatalala mlimani na mwanamume ambaye hajamwoa.

"Kalonda saa mbili asubuhi," Aristote alimwambia kwenye simu. "Kihuba saa tano. Mukoli saa nane. Saa kumi na moja tuko Lusangi."

"Prof, wewe unahesabu na miguu yako. Na ya kwangu je?"

"Ya kwako nitaibeba, chérie."

"Yote mbili?"

"Moja moja."

Mwanvua alicheka hadi mama yake akamuuliza ni nani huyo asiyemwacha apike.

Mama Hawa alishajua ni nani. Aristote alikuwa mtoto wa wakulima Wakristo, lakini alikubali kusilimu na alikuwa akisoma kwa sheikh kila jioni. Wajomba walikuwa wamelainika. Lilikuwa limebaki sharti moja, nalo lilikuwa la mama: posa haitapokelewa mpaka binti asimame kwenye kaburi la baba yake na kuomba radhi. Mwanvua mwenyewe hakutaka kuolewa kwa namna nyingine.

Wiki mbili kabla ya siku waliyopanga mwanzo, Aristote alikwenda peke yake kupima njia. Kalonda hakuona kitu. Kihuba hakuona kitu. Mukoli alimkuta mchimbaji mzee akiosha mchanga, akamuuliza juu ya Djamali wa Kasongo.

"Tulimulaza hapa," mzee alisema, akionyesha shimo lililojaa maji ya njano. "Mwaka jana vijana walifuata dhahabu mupaka hapo. Mufupa ilitoka na udongo. Mi nilipiga kelele, hawakusikia."

Aristote alirudi Kasongo na siri hiyo, na siri ilimshinda. Alianza visababu, na safari ikasogezwa wiki baada ya wiki. Mara mvua ni nyingi, mara mitihani, mara mguu umetenguka. Mwanvua, ambaye alikuwa ameshaweka viatu mlangoni, alimpigia simu.

"Aristote, uko na mwanamuke kule Kabambare?"

"Hapana, mupenzi."

"Sasa ni nini?"

Aristote alianza tena habari ya mvua.

"Basi usinipigie tena," alisema, na akazima simu. Alilia siku nzima nyuma ya meza yake ya viatu, akiwaambia wateja ni vumbi.

Mwanamume mwenye akili angekwenda kwake siku hiyo hiyo na kusema ukweli. Aristote alipanda Kihuba, akakusanya mawe, akayapanga vizuri, akatengeneza kaburi. Alifanya kazi hiyo siku mbili, mikono ikitoka damu. Kisha alimpigia.

"Nimepata kaburi ya baba. Twende."

Mwanvua alimsamehe yote kabla hajamaliza sentensi.

Walitoka kwa Mama Régina alfajiri ya Jumamosi. Mwanvua alivaa suruali chini ya kitenge na mtandio mpya wa buluu. Kalonda walifika saa mbili kasoro, wakala karanga na ndizi, wakataniana, na Mwanvua akasema akishaolewa hatapanda hata ngazi. Ilikuwa asubuhi ya furaha. Aristote peke yake ndiye aliyejua bei yake.

Kihuba, Mwanvua alipoona mawe, alishika kifua. Alikaribia polepole, akavua viatu, akatafuta jua lilikochomoza, akaliweka mkono wa kulia ili ajue kibla, upande wa kaskazini. Alielekea huko na kuinua mikono, akaanza kusoma. Katikati ya Fatiha sauti yake ilipungua. Alitazama kaburi, akatazama mbele, akatazama tena kaburi.

"Aristote. Nani alikuambia hii ni ya baba?"

"Muzee mumoja wa Lusangi."

"Sisi maiti tunamulaza ubavu, uso ndiyo inaangalia kibla. Kaburi inakingama. Hii inaelekea kibla kama njia." Aliinama, akashika jiwe. "Na hii jiwe, udongo iko upande ya juu. Imegeuzwa juzi tu."

Aristote alifungua mdomo kusema uongo mwingine, lakini haukutoka.

"Nilijua maiti munawaelekeza kibla," alisema. "Nikafikiri ni hivyo. Sheikh alikuwa hajafika kwenye somo ya mazishi."

Alimwambia yote, shimo, maji, mifupa. Mwanvua alisikiliza akiwa amekaa chini, miguu mitupu.

"Miezi mbili," alisema mwishowe. "Miezi mbili nilikuwa nakupigia simu juu ya viatu na maji ya kunywa, na wewe ulikuwa unajua baba hayuko."

"Niliogopa kuona uso yako hivi."

"Sasa umeiona." Alivaa viatu. "Ungenipeleka kwa ile shimo, ningelia, halafu ningeolewa na wewe. Sasa ile posa usilete."

Aristote aligeukia njia ya kurudi Kalonda.

"Mi naenda Mukoli," Mwanvua alisema. "Ndiyo mupango yetu."

Hivyo watu wawili walioachana saa tano na nusu walitembea pamoja nusu nzima ya mzunguko iliyobaki. Kwenye mwamba wa kuteleza Aristote alimnyooshea mkono, naye Mwanvua akaupokea, akauachia walipovuka. Mkono wake ulikuwa baridi, na Aristote alijiambia kuwa ndiyo mara ya mwisho kuushika.

Shimo la Mukoli lilikuwa kama mashimo mengine yote ya huko, na beseni la plastiki lililopasuka likielea ndani. Mwanvua alisimama ukingoni. Alikuwa amepanga maneno ya radhi tangu akiwa mtoto, lakini hakujua ayaelekeze wapi. "Baba, ni mimi Mwanvua," alisema tu, akasoma Fatiha hadi mwisho. Aristote alisimama mbali, akilia bila kujificha.

Walikuwa wanateremka, paa za Lusangi zinaonekana, wakati réseau ya simu iliporudi na ile ya Mwanvua ikalia.

"Allô, mama."

"Mutoto yangu. Umemuona?"

Mwanvua alisimama.

"Mama..."

"Iko namna gani? Majani haijamufunika?"

"Hapana, mama. Iko safi. Walimupangia mawe muzuri. Analala muzuri."

"Alhamdulillahi. Na umemusalimia ju yangu?"

"Nimemusalimia."

Mama Hawa alianza kulia kwa furaha, kilio cha miaka tisa, na simu ikakatika. Mwanvua alikaa palepale njiani, simu mkononi. Aristote alikaa kando yake.

"Wewe ulifikiri siku ngapi mbele ya kunidanganya?" Mwanvua aliuliza.

"Siku tatu."

"Mimi hata pumzi moja."

Alifunika uso kwa mtandio na kulia kwa sauti. Alikuwa analilia baba yake, na mama yake, na mwanamume huyu aliyekaa kando yake bila kumgusa, ambaye alikuwa bado anampenda na alikuwa na hasira naye vilevile. Alilia mpaka jua likashuka nyuma ya Kalonda.

"Kesho tukifika Kasongo, usiniache mulangoni," alisema. "Utaingia. Tutamuambia pamoja. Mi peke yangu sitaweza."

"Nitaingia."

Walinyanyuka. Baada ya hatua chache Aristote aliuliza, kwa sauti ndogo, "Na ile posa?"

Mwanvua alishika mkono wake, akatangulia njia.

"Wacha kwanza mama alie," alisema.