Saa ya Mzee Kataliko

Pi. Pi. Pi.

Sauti ilitoka juu ya vichwa vya watu, nyembamba kama ya kifaranga, na Kaswera aliisikia kabla hajaona inatoka wapi. Treni ya Kampala ilikuwa imeingia Kasese. Jukwaa lilijaa wake za askari na magodoro yao, wachuuzi wa Butembo na marobota ya vitenge, wapagazi wakigombania masanduku huku wakitukanana kwa lugha nne.

Pi. Pi. Pi.

"Sasa!" mtu akapaza sauti.

Kaswera alisimama ghafla, na mwanamke wa nyuma yake akamgonga kwa kapu la samaki. Neno lile alilijua. Alilisikia kila asubuhi saa tatu katika ofisi ya simu ya Bwera, alikokuwa mpokeaji simu. Kijana mmoja wa simu za Kasese husogeza mkono wa simu karibu na redio, vituo vidogo vya Katwe, Kisinga na Bwera vikisikiliza pamoja, na mlio wa sita ukilia hutamka "Sasa!" Hapo kila kituo huachilia mshale wa saa yake, na wilaya nzima huenda pamoja. Miezi mitano aliisikia sauti hiyo. Uso hakuwahi kuuona.

Sasa aliuona. Kijana alikuwa juu ya ngazi, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, soksi ndefu, redio ndogo imening'inia shingoni. Alikuwa anafunga kioo cha saa ya stesheni. Aliposhuka, mguu wake ulikanyaga ncha ya kitenge cha Kaswera, cha manjano na buluu, kipya.

"Bwana Sasa," Kaswera alisema, "hiyo ngazi yako haina macho?"

Kijana aligeuka. "Bwera?"

"Bwera nimepokea."

Wakacheka wote wawili, wapagazi wakiwapita kushoto na kulia.

"Mimi Thembo," alisema. "Nilidhani wewe mama mnene mwenye miwani."

"Na mimi nilidhani wewe mzee. Unavyotuamrisha kama afande!"

"Saa haibembelezwi, dada. Ukiilegezea leo nukta moja, kesho inakuibia dakika." Alisema hivyo kidevu kikiwa juu, kwa kuwa Thembo alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, na hasira zake hazikuwa mbali. "Umebeba nini?"

Kaswera alifunua kifurushi. Ilikuwa saa ya ukutani ya mbao nyeusi, yenye kioo na kining'inio cha shaba. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Kataliko, aliyeibeba kichwani kutoka Butembo mwaka wa vita, sitini na nne, alipokimbilia Mpondwe. Ilikuwa imesimama tangu Pasaka.

"Kamani, springi yake ya ndani, imekatika," Thembo alisema, akiitikisa kidogo sikioni. "Niachie. Nitaileta mwenyewe."

"Utaiweza?"

"Mtoto wa kike, unamuuliza nani?"

Tangu siku hiyo simu ya saa tatu ilirefuka. Milio ikiisha, Katwe na Kisinga walikata, au walijifanya kukata, na Thembo akabaki kwenye waya na Bwera. Alikuwa amejifundisha kutunga mashairi peke yake, akihesabu mizani kwa vidole, na asubuhi moja alisoma ubeti wake bila kuombwa:

Sauti naisikia, na uso nimeuona,
Mkono naachilia, mshale ukikazana,
Bwera ninaulizia, salamu zinagongana,
Vipi utanikimbia, saa zetu zalingana?

"Mm," Kaswera alisema. "Hiyo 'zinagongana' umeitia kwa nguvu."

"Imo ndani ya mizani!"

"Haya, mpenzi wangu, usinipigie kelele, masikio ni ya serikali."

"Umesema nini? Rudia."

"Nimesema masikio ni ya serikali."

"Kabla ya hapo."

"Amesema mpenzi wangu," akadakia Naome wa Katwe. "Mimi shahidi. Sasa kateni, kuna mtu wa chumvi anataka Kampala."

Saa ilipona. Jumapili iliyofuata Thembo aliipakata kwenye basi hadi Mpondwe. Kaswera alikuwa na zamu Bwera hadi katikati ya juma, na alilala huko kwa shangazi yake. Mzee Kataliko alikuwa hajarudi kutoka misani. Jirani alimfungulia, Thembo akagonga msumari, akaning'iniza saa, akawasha redio yake na kungoja milio ya saa saba mchana. Akaiachilia. Ilitembea vizuri ajabu. Mzee alipoingia, shati jeupe limefungwa hadi kooni, alisimama mlangoni akasikiliza ile tiki-taka kwa muda.

"Ni weye njo umeitengeneza?"

"Ni mimi, baba. Sasa inakwenda na dunia nzima."

"Aksanti, mutoto yangu. Aksanti sana. Nyumba ilikuwa imenyamaza."

Thembo alirudi Kasese akiimba.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Ng'ambo ya mto Lubirihya, upande wa Kongo, saa iko nyuma kwa saa moja nzima. Watu wa mpakani wanalijua hilo, hata Thembo alilijua. Asilolijua ni kwamba ukutani kwa Mzee Kataliko mishale haikuwahi kwenda kwa saa ya Uganda. Ilibaki kwa saa ya Beni, kwa sababu kila Jumapili, saa kumi na mbili jioni ya Beni, redio ya Kongo husoma komunike, matangazo ya watu waliopotezana vitani, na mzee alikuwa na mtoto mmoja aliyepotea njiani, Célestin. Betri zilikuwa ghali. Mzee aliwasha redio saa hiyo tu, akasikiliza majina hadi mwisho, akazima. Tangu saa ilipokufa Pasaka, binti yake ndiye aliyekuwa akimwambia wakati.

Jumapili ile saa iliyotengenezwa iligonga kumi na mbili. Mzee akawasha redio. Mtu alikuwa anasoma habari kwa Kifaransa. Mzee alingoja, akafikiri leo tena wanasiasa wamekula nafasi ya komunike, akazima ili betri zisife. Beni ilikuwa bado saa kumi na moja.

Ijumaa, siku ya soko, Kaswera alikuwa nyumbani akisonga ugali wa muhogo, aliposikia sauti ya Wivine, muuza mafuta ya mawese kutoka Kasindi.

"Mzee Kataliko! Na ule mutoto, mulionana?"

"Mutoto gani?"

"Célestin! Si walimusoma Jumapili? Alisema iko muzima, atangoja Kasindi mbele ya kanisa Jumatano mpaka jua iingie. Minamuona na macho yangu, amekaa pale na koti yake. Jua iliingia, akapanda lori ya kahawa." Wivine akaona nyuso zao. "Hamukusikia?"

Mzee Kataliko alikaa chini polepole. Kaswera alitazama ukutani, kisha akatazama saa yake ya mkononi, ya kazini. Zilionyesha sawasawa.

Mwiko ulimponyoka.

Asubuhi ya Jumamosi milio sita ililia.

"Sasa! Katwe?"

"Katwe nimepokea."

"Kisinga?"

"Kisinga nimepokea."

"Bwera, mpenzi wangu?"

Kimya.

"Bwera?"

"Bwera haitaki saa yako."

"Kumetokea nini?"

Akamwambia, kwa maneno machache, sauti yake kavu. Mwishoni alisema: "Kaka yangu amekaa siku nzima anatutazamia. Ameondoka akijua tumekufa."

Hapo Thembo angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Damu ilimpanda kichwani. "Na kosa langu ni lipi? Nyumba iko Uganda! Saa yangu haikukosea hata nukta!"

"Hapana, haikukosea. Uliiingiza nyumbani kwa mtu bila kumuuliza anaishi saa gani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Waya ukakatika. Thembo alibaki ameshika mkono wa simu. Naome wa Katwe alikuwa bado hajakata.

"Thembo," alisema taratibu, "unafundisha wilaya nzima, lakini leo wewe ndiye umeachwa nyuma. Fanya kitu."

Alikasirika hadi saa sita. Mchana aliomba ruhusa ya siku tatu, akapanda lori la pamba hadi Mpondwe, akavuka mto, akalala Kasindi. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akiuliza kila mtu habari za kijana mwenye koti. Walimkumbuka, lakini hakuna aliyejua lile lori lilikwenda wapi. Jumatatu alifika Beni, parokiani, mahali komunike zilipoandikwa kabla ya kutumwa redioni.

Karani wa padri alisoma karatasi aliyoandika Thembo, akagonga meza kwa kalamu. "Maneno haya ya mwisho hayahitajiki. Nifute?"

"Yaache," Thembo alisema.

"Watu wote watasikia jina yako."

"Nimesema yaache."

Jumapili iliyofuata, jua likielekea kushuka nyuma ya vilima vya Kongo, alibisha hodi Mpondwe. Kaswera ndiye aliyefungua. Alivaa gauni jeusi la kazini, nywele amezisuka kwa uzi, macho hayakumkaribisha.

"Umekuja kuchukua msumari wako?"

"Nimekuja kuirudisha saa alikoiweka baba. Akiniruhusu."

Mzee Kataliko alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa magotini. "Muache aingie," alisema.

"Baba, naomba kuigusa saa yako."

"Igeuze nyuma basi. Ni kidole tu."

"Saa inayogonga hairudishwi nyuma, baba. Ukiilazimisha inavunjika ndani. Inasimamishwa, halafu inangojwa mpaka wakati wake ufike."

"Inangojwa muda gani?"

"Saa nzima."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Haya. Tungoje."

Saa ilipogonga kumi na mbili, Thembo alifungua kioo, akakishika kining'inio. Nyumba ikanyamaza. Akakaa kwenye mkeka, kwa kuwa hakuambiwa akae kwenye kiti.

Muda ulikwenda. Lori lilipita barabarani. Mzee alimtazama kijana bila haraka, kama mtu anayepima gunia la kahawa.

"Weye uko mutoto ya nani?"

"Wa Eridadi, baba. Wa Kisinga."

"Eridadi fundi baiskeli?"

"Ndiye."

"Naye alikuwa mukali. Alikataa kuniuzia gurudumu, aliona ile ya zamani nimeikaza mubaya." Mzee nusura acheke. "Binti yangu anasema uko na kiburi."

"Ninacho, baba."

"Anasema hata mashairi unaandika."

Thembo alitazama mkeka. Kutoka mlango wa jikoni Kaswera alisema, "Na mimi nilikosa, baba. Saa nilimpa mimi. Sikumwambia mishale ilikaa vipi, niliona kila mtu anajua mambo yetu."

"Sasa munagombania kosa?" mzee aliuliza. "Ikichukuliwa na wote wawili haitamuleta Célestin."

Kaswera alileta chai, akaiweka mbele ya baba yake, kisha, baada ya kusita, kikombe kingine mbele ya Thembo. Ilikuwa na sukari. Alikunywa yote, japo iliunguza.

Dakika zilipokaribia, mzee aliwasha redio. Thembo alisimama. "Baba, njoo wewe mwenyewe ushike."

Mzee Kataliko akaweka kidole kwenye shaba.

Pi. Pi. Pi. Pi. Pi. Pi.

"Sasa," Thembo alisema, safari hii kwa sauti ndogo, na mzee akaachilia. Saa ikaanza kutembea.

Komunike zilianza. Jina baada ya jina, kijiji baada ya kijiji. Kisha: "Kwa Célestin, mwana wa Kataliko wa Butembo, popote alipo kwenye malori ya kahawa. Baba yako yuko hai Mpondwe, dada yako yuko hai. Hawakukuacha. Hawakusikia, kwa sababu saa yao ilipotoshwa na Thembo, fundi wa saa wa Kasese. Kosa ni langu. Nenda nyumbani."

Mtangazaji akaendelea na jina lingine. Kaswera aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee alizima redio, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kicheko au kilio.

"Kongo muzima imesikia," alisema. "Fundi wa saa! Sasa nani atakuletea saa?"

"Acha wasilete, baba."

Alhamisi, mchana wa jua kali, kijana mwenye koti alivuka daraja la Mpondwe akiuliza nyumba ya Kataliko. Wivine aliacha mafuta yake sokoni akakimbia mbele yake akipiga vigelegele.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, milio sita.

"Sasa! Katwe? Kisinga?" Thembo aliita. "Bwera?"

"Bwera nimepokea," Kaswera alisema. "Kuna ujumbe. Baba na Célestin wanasema, kama mtu ana neno la kusema juu ya binti wa nyumba hii, alete wazee wake Jumapili, saa nne."

Kwenye waya hakuna aliyekata. Pumzi za Katwe na Kisinga zilisikika.

"Saa nne ya wapi?" Thembo aliuliza.

"Eeh!" Naome alipiga kelele. "Sasa amejifunza kuuliza!"

"Wewe unadhani ya wapi, Bwana Sasa?"

Thembo aliushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili. "Mwambie baba hivi, mpenzi. Jumapili nitafika na wazee wangu saa nne, kwa saa ya ukuta wake. Na tukiwahi, tutasimama nje ya mlango tungoje saa nzima."