Ubao Usio na Tundu

Mhimili wa kwanza aliukuta chini ya meza saa sita mchana, juu ya vumbi la mbao, na gundi yake bado mbichi. Sasa hiyo haiingii akilini. Gundi ile hushika kwa saa moja, na mhimili ule ulikuwa umebanwa tangu jana asubuhi. Fundi akaugusa kwa kidole, akakinusa. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi, na karakana yake ilikuwa na madirisha mawili yaliyo wazi.

Mtaa mzima walimwita Milimita, na msidhani lilikuwa jina la mapenzi. Bwana yule alipima kila kitu, mpaka vipande vya mkate mezani. Alitengeneza magitaa yeye na mkewe, wawili tu. Milimita alishughulika na mbao za pembeni: alibandika mbao nyembamba tatu tatu kwa gundi, akazikandamiza kwenye kalibu mpaka zikawa kitu kimoja kilichopinda vizuri. Mkewe, mwenye mkono mtulivu, alikata tundu la sauti kwenye ubao wa mbele. Likishakatwa, ndipo Milimita aligeuza ubao na kubandika mihimili kwa ndani, vile vijiti vinavyouzuia ubao usibonyee nyuzi zikivutwa. Tundu kwanza, mihimili baadaye. Miaka kumi na minne walifanya hivyo.

Wiki ile utaratibu uliharibika kwa sababu ya mdomo wa Milimita. Mkewe alikuwa amemaliza tundu zuri, la mviringo safi, naye mume akaliinamia na rula yake.

"Upande huu umezidi nusu milimita," akasema.

Mkewe akaweka kisu mezani polepole. "Nusu milimita. Chai yangu ina kasoro, kufagia kwangu kuna kasoro, hata nikicheka unaniambia nimecheka sana. Nimechoka, baba. Nakwambia mara moja tu. Siku utakayonikosoa tena, nakwenda kwa dada yangu na sirudi."

Alimjua mkewe, hakuwa mtu wa kutishia. Na alimpenda, hilo lisemwe. Mtu mwingine angeomba radhi yakaisha. Milimita? Thubutu. Alichukua ubao mpya, uliotokana na mlango wa nyumba ya zamani iliyobomolewa, mti mkavu wa kupendeza, akabandika mihimili juu ya ubao mzima usio na tundu, ili mwanamke aone kwamba kazi haimsubiri yeye. Tundu lingekatwa baadaye, hata na yeye mwenyewe.

Sasa mhimili huo chini. Akaukwangua gundi, akapaka nyingine, akabana. Kesho yake saa sita ilidondoka miwili. Akalaumu gundi, akapika mpya. Ikadondoka mitatu. Akalaumu hewa, akafunga madirisha, akafanya kazi ndani ya joto mpaka jasho likamwingia machoni. Siku ya nne akabandika mihimili yote saba, akaibana kwa klempu kumi na mbili, vile vibano vya skrubu, akavuta kiti akakaa kuilinda, kwa hasira kama ya mtu anayemlinda mwizi. Alikwenda kunawa uso tu. Aliporudi, mihimili yote ilikuwa sakafuni, na klempu zilikuwa zimefunguliwa moja moja, zimepangwa mezani kuanzia ndogo hadi kubwa. Akachukua rula. Nafasi kati ya klempu na klempu zilikuwa sawasawa kabisa, bila kuzidi hata unywele.

"Ni wewe?" akamwita mkewe. "Unanikomoa?"

Mkewe alikuja akijifuta mikono, akaziangalia zile klempu, uso ukambadilika. "Mimi sijaingia humu tangu Jumatatu," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe unajua."

Alijua. Ndiyo maana alikasirika zaidi, maana hasira ilikuwa afadhali kuliko lile jambo jingine lililokuwa linamtambaa mgongoni. Akauchukua ubao kuutupa nje. Ulikuwa wa moto. Akausogeza sikioni kama alivyozoea kusikiliza mbao, na mle ndani ya ubao mwembamba usiofika unene wa kidole, mtu alikuwa anahema, taratibu, anavuta na kushusha, anavuta na kushusha, kisha kukawa na kukwangua, kucha zikipita upande wa pili wa mti, zikizunguka na kuzunguka mahali palepale ambapo tundu lilipaswa kuwa, na kwenye kalibu kule ukutani mbao za pembeni alizozibandika juzi zikaanza kuachana, tabaka kwa tabaka, kwa mlio mdogo kama wa kitambaa kinachochanwa, wala hapakuwa na mkono ulioshika kitu.

"Weka chini," mkewe akanong'ona. "Weka chini, tumwite shangazi."

Shangazi yake Milimita alishona nguo, na watu walipozidiwa na majini walimfuata yeye. Alikuja na mkoba wa ushonaji, akauzunguka ubao, hakuugusa.

"Jini huyu alikaa kwenye mlango uliotoa ubao huu, nyumba ikiwa tupu," akasema. "Hana ugomvi na nyinyi. Mbona hukumwachia pa kutokea?"

Milimita akajikuna kichwa. "Tundu hukatwa kwanza, shangazi. Safari hii niliruka."

"Kwa nini?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Alinuna."

"Basi mumeo alitaka kumfunga kiumbe ndani ya sanduku kwa ajili ya kununa kwake." Shangazi akamsogezea mke wa Milimita kisu. "Kata tundu, binti, maana mkono mtulivu ni wako. Nyote mnisikilize. Kisu kikianza, asiseme mtu. Atakayetoka atatafuta pa kupita, na mdomo ulio wazi ndiyo mlango wa karibu. Midomo ifungwe mpaka kipande kidondoke. Mwanangu, wewe hasa."

"Nimesikia," akasema Milimita.

Mkewe akachora mviringo, akaanza kukata, na harufu ya chumba kilichofungwa ikajaa karakana yote mpaka macho yakawawasha, na ubao ukawa unahema waziwazi, unapanda na kushuka chini ya mkono wake, naye hakuacha, akazungusha kisu robo, akazungusha nusu, huku kucha zikimfuata kwa chini, hatua kwa hatua, na Milimita amesimama amebana meno akitazama ncha ya kisu, hatazami ubao wala shangazi wala jasho la mkewe, anatazama ncha tu, akaiona inaacha mstari, kidogo, kidogo sana, na kila kitu alichojifunza maishani kikampanda kooni, akameza, akameza tena, na ncha ikazidi kwenda pembeni.

"Unapinda," akasema.

Kipande cha mviringo kikadondoka. Upepo wa joto ukampiga usoni, ukamwingia mdomoni, na ndani ya tundu kukasikika mvumo mdogo. Akafungua mdomo kuomba msamaha, hakikutoka kitu, hata mlio.

Shangazi akafunga mkoba wake. "Amepita kwako, na amebeba alichokikuta. Mimi sina dawa ya hilo."

Mkewe hakuondoka. Alilia kwanza kwa hasira, kisha akamhurumia, maana utamwachaje mtu asiyeweza hata kuomba maji? Mihimili ikashika. Mbao za pembeni zikashika. Walifanya kazi siku kumi bega kwa bega, na kusema kweli zilikuwa siku njema, karakana imetulia, hakuna rula juu ya kazi ya mtu. Mkewe alianza kuimba tena akipiga msasa. Milimita alimsikiliza, akawa anafikiri kwamba pengine atazoea.

Siku ya kumi na moja walifunga nyuzi kwenye gitaa la ubao ule. Mkewe akalipakata gitaa, akapiga uzi wa kwanza.

"Unapinda," gitaa likasema, kwa sauti ya mumewe.

Akapiga wa pili.

"Hapo umeharibu. Nusu milimita. Umecheka sana."

Akalilaza mezani kwa upole. Alimtazama mumewe, yeye akitikisa kichwa, akijipiga kifua, machozi yakimtoka. "Nilikwambia mara moja tu, baba," akasema, akatoka kama alivyo, na vumbi la mbao kwenye nywele.

Milimita akamkimbilia mpaka barabarani. Akajaza mapafu, akafungua mdomo, akalia kwa nguvu zake zote kwamba asiende, kwamba tundu lilikuwa zuri, kwamba yote yalikuwa mazuri tangu mwanzo. Maneno hayo yalisikika vizuri kabisa, moja baada ya jingine, kule nyuma karakanani, juu ya meza, ambako hapakuwa na mtu. Mkewe alikuwa ameshakata kona.