Nyumba ya Bure Shimoni

Kila asubuhi, kabla ya shule, Munezero alitoka kambi ya wakimbizi akapeleka uji kwa baba yake huko Lac Vert. Papa Munyaneza alikuwa mlinzi wa usiku wa mbao za tajiri mmoja aliyeitwa Zihindula. Mbao hizo zilipangwa ndani ya shimo pana la mawe meusi. Munezero aliliogopa shimo lile kupita kiasi. Alisimama ukingoni, akaita "Papa!" na roho ikawa mkononi mpaka asikie jibu.

Siku hiyo jibu lilichelewa. Papa alitoka kibandani kwake, katikati ya mteremko, akipanda polepole huku ameshika kichwa.

"Kichwa tena, Papa?"

"Tena, mutoto wangu. Kila nikishuka kukagua mbao, ninasikia kizunguzungu. Leo naaga. Jean-Bosco, yule fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kule Mabanga, amekubali nimsaidie kazi."

Patron Zihindula alipofika, Papa alivua kofia.

"Patron, umenitendea mema. Lakini mwezi ukiisha, naomba kuacha kazi."

"Kuacha? Mlinzi mwaminifu kama wewe nitampata wapi?" Zihindula akashtuka kweli. Akanyoosha kidole chini kabisa ya shimo, penye nyumba mpya ya mbao na mabati. "Baki, muzee. Ile nyumba ninakupa, uishi na watoto wako bure. Nipe jibu kesho."

Bomu likalia upande wa Sake, kulikokuwa na vita, ardhi ikatetemeka. Papa aliitazama ile nyumba. Munezero naye aliitazama, akaona kitu cha ajabu. Mbele ya mlango walilala ndege wadogo, wamekufa. Karibu nao alilala mwana-mbuzi, hana jeraha hata moja, kama amesinzia tu.

Kule kambini, Mama Mukashyaka aliposikia habari alipiga vigelegele.

"Nyumba! Papa Munezero, nyumba ya mabati! Tena iko shimoni, risasi zitapita juu yetu. Mungu ametukumbuka jamani!"

Akaanza kuimba huku akimbembeleza Benny, mtoto wake mchanga. Tangu wakimbie kwao Masisi hakuwa ameimba hata mara moja. Munezero angesemaje sasa? Akinyamaza, watahamia kule chini. Akisema, watabaki chini ya turubai linalovuja, na mabomu yanakaribia. Jioni, Papa alipokuwa akijiandaa kwenda kazini, Munezero alimshika mkono.

"Papa, tusihamie kule. Naogopa." Akamweleza alichokiona.

"We mtoto!" Mama alifoka. "Unataka tufe hapa kwa sababu ya ndege? Njaa imewaua, basi!"

"Na mbuzi, Mama? Alikuwa mnene."

Papa alikaa chini. "Jean-Bosco aliwahi kuniambia kuhusu mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kujaa mashimoni. Haionekani, na inaua. Nilidhani ni hadithi za wenyeji, sisi watu wa milimani hatuijui. Kesho mapema, upepo ukiwa bado umetulia, njooni na mshumaa. Penye hewa hiyo moto hauwaki."

Usiku huo Munezero hakupata usingizi. Alfajiri waliteremka wote, Benny mgongoni kwa Mama. Papa aliwazuia mbali, juu kidogo ya nyumba, akafunga mshumaa kwenye ufito mrefu. Akauwasha, akaunyoosha hadi kwenye mlango uliokuwa wazi. Ukawaka vizuri. Akauteremsha kidogo kidogo kuelekea sakafuni, pale ambapo wangetandika mkeka wa kulalia.

Mshumaa ukazimika.

Akauwasha tena. Ukazimika tena, palepale.

"Hapo ndipo Benny angelala," Mama alinong'ona. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalia. "Twende juu! Twendeni juu upesi!"

Zihindula aliwakuta ukingoni.

"Aksanti kwa nyumba, Patron," Papa alisema, "lakini neno langu ni lile la jana. Naondoka."

"Basi nakuongezea na mshahara!"

"Hapana, Patron. Nitakulindia mbao mpaka upate mtu mwingine, ila nitakaa huku juu. Na nyumba ile usimpe yeyote. Tazama." Akashuka naye hadi pale juu kidogo ya nyumba, akauwasha mshumaa, akauteremsha kwa mara nyingine.

Zihindula aliuona ukizimika. "Maskini mimi, ningewazika wote!" Asubuhi hiyohiyo akaamuru mlango upigiliwe misumari, na mbao zihamishiwe juu.

Waliporudi kambini, mabomu yalikuwa bado yanalia. Mama hakuimba, lakini alimvuta Munezero karibu yake.

"Nisamehe, mwanangu. Jana nilikufokea, na wewe ndiye uliyetuokoa. Siku nyingine ukiona hatari, sema, hata kama wakubwa wanacheka kwa furaha."

"Nami nilikuwa karibu kupotea," Papa alisema. "Mtu akikuahidi kitu kizuri ili ubaki, jiulize kwanza ulitaka kuondoka kwa nini. Mimi kichwa kilikuwa kikiniuma kila siku. Nyumba ya bure ingekiponya?"

Munezero alitikisa kichwa. Kisha akamchukua Benny, akamlaza juu ya mkeka chini ya turubai, akainama kusikiliza pumzi yake.