Makande ya Ubaoni

Ndugu zangu wa Mhezi, nyumba ya Fanueli ilikuwa na amani. Jioni ukipita kwenye migomba yao ulimsikia mkewe, Ernesta, akifanya mazoezi ya nyimbo za kwaya, na binti yao Blessing, wa miaka sita, akimkosoa: "Mama, umekosea tena!"

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Same yakajaa vitu, na huku juu kahawa ikakosa bei. Mahoteli ya chakula yakafunguliwa barabarani, na kila mwenye hoteli akataka ubao wa matangazo uliotengenezwa na Fanueli, autundike mlangoni.

Alijua kazi, tusimnyime haki yake. Alikanda unga wa mahindi na chokaa na gundi ya seremala, akafinyanga kuku, ndizi, mikate, juu ya ubao. Ngozi ya kuku aliitoboatoboa kwa sindano. Akishapaka rangi ya plastiki, unameza mate. Sifa zikamlewesha. Unga wa nyumbani ukawa unaishia ubaoni.

Bombani wanawake walimtania Ernesta: "Mama Blessing, leo mnakula paja la ukutani au kidari?" Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Fanueli akachukua mahindi na maharage ya mwisho, akayachemsha yavimbe, ili afanye bakuli la makande ubaoni.

"Baba Blessing, mtoto hajala tangu jana mchana."

"Punje za kufinyanga watu wanazitambua. Nataka makande yenyewe."

"Hata kikombe kimoja?"

"Ernesta, usiniharibie kazi. Ubao huu ukitoka, mtakula mpaka mchoke."

Ubao uliotangulia ulikuwa umeliwa na wadudu, akaaibika. Safari hii akachanganya humo dawa ya kupulizia kahawa. Hakumwambia mtu. Asubuhi akauanika ubao barazani, bado mbichi, akateremka Same kutafuta rangi. Ernesta akaenda kulima kibarua, apate chochote cha kupika.

Saa saba Ernesta alirudi; nikasikia ukelele wake, nikakimbia. Blessing alikuwa ameketi barazani na kijiko mkononi, mate yakimtiririka, mboni za macho zimekuwa ndogo.

"Mama," alisema, "baba katupikia makande. Hayana chumvi. Nimekubakizia."

Tulimbeba mgongoni kwa kupokezana, tukishuka na mteremko kuelekea zahanati. Tulipofika kwenye daraja la miti, Ernesta alisema, "Mteremshe." Nilikuwa nimeshajua. Mikono ya mtoto ilikuwa imeniachia shingo.

Fanueli alirudi jioni na makopo mawili ya rangi. Watu walijaa uani, lakini macho yake yalikwenda kwanza kwenye ubao.

"Nani kagusa makande yangu?"

Ernesta alimwonyesha mlango kwa kidole, naye akaingia ndani. Sauti iliyotoka humo sitaiandika.

MAFUNZO

Wazazi wenzetu, chakula kikiwepo, mtoto ale kwanza. Sifa za wageni zisubiri. Sumu usiitie kwenye kitu chenye sura ya chakula, na mwenye njaa hana namna ya kujua kwamba unachokiita kazi si chakula.

Nasi majirani tujifunze. Tuliona jiko la Ernesta halitoi moshi siku nyingi, tukaligeuza mzaha wa bombani. Siku ile Blessing anakufa, nyumbani kwangu kulikuwa na sufuria ya viazi, na hakuna aliyenizuia kumpelekea.